Duka Ndani ya Nyumba ya Salma

Nakumbuka siku moja utotoni, mwanangu, tulikuwa tunajipikilisha uani kwetu Kariakoo. Makopo ndiyo sufuria, mchanga ndio wali, na kanga iliyoanikwa kambani ndiyo mlango. Rafiki yangu Zena alikuwa mama wa nyumba. Shangazi aliyenilea hakuwa na tabia ya kutuuliza tunacheza nini. Yeye alikuja kama mgeni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ila usipige kelele," Zena akanong'ona. "Baba akiamka atanipiga tena."

Shangazi akaketi mchangani, akapokea wali wake, akajifanya anakula kwa adabu zote. Jioni akavaa baibui akaenda kwa kina Zena, na haukupita muda Zena na mama yake wakahamia kwetu, chumba cha uani. Jambo lililofichwa na watu wazima wa nyumba nzima lilitoka mdomoni mwa mtoto anayepika mchanga!

Ndiyo maana uliponiuliza kama hiyo gemu ya simu, ya watu wanaojenga nyumba, wanaooana na kuzeeka, inamfaa Salma wako wa miaka sita, sikukujibu. Jana ulipokuwa dukani kwako nilikaa naye, nikapiga hodi.

"Karibu bibi, vua viatu."

Yarabi, nilishangaa! Watu wadogo kama punje wanaamka, wanapika, wanaoga, wanaenda kazini. Punde mume na mke wakaanza kubusiana, mtoto akanikazia macho aone nitasema nini. Nikamwambia hayo ya wakubwa, tukahamia jikoni. Pale jikoni, pembeni ya jiko, kulikuwa na duka.

"Salma, duka linafanya nini ndani ya nyumba?"

"La mama hilo. Nimemjengea humu humu, asiende mbali."

Nilijiona niko tena nyuma ya ile kanga.

Basi shika haya. Usiifute hiyo gemu, wala usimwachie peke yake; humo mna mambo yanayomzidi umri, na acheze tu mtu mzima akiwa ubavuni. Ila mtu huyo asiwe mimi kila siku. Leo funga duka mapema, keti naye sakafuni, piga hodi. Mola aibariki riziki yako, na mlango wa mwanao ukufungukie kila utakapobisha. Amina.