Injini ya Kaka, Kutoka Ujerumani hadi Mkunya

Leo nimeitibu injini iliyoko Ujerumani, nami nipo Mkunya.
Wenye magari, hukumuni wenyewe.

Kaka yangu Saidi alipiga simu, akaisogeza kwenye injini ya gari lake la Kijapani.
"Bwana msomi, sikiliza. Inaumwa nini?"

Nikatamka bila kusita: taimingi cheni, ule mnyororo wa ndani ya injini, imelegea.
Akapinga. Nikakipinga kipingamizi chake. Tukapandishiana sauti hadi jirani akachungulia.

Kisha akaizima injini.

"Gari ni zima, mdogo wangu. Huku sina wa kubishana naye. Watu hunijibu kwa adabu, kisha huenda zao."

Sikumwambia kwamba, tangu aondoke, mimi hapa nyumbani hubishana na redio.

"Washa tena," nikasema. "Bado hujanishinda."