Kompyuta Iliyobisha Hodi

Mimi si mtu wa kuchezewa. Ofisi nzima ilijua hivyo, na nadhani ndiyo sababu mwenzangu wa meza ya pili alinichagua mimi.

Tulikuwa watatu katika chumba kile cha kampuni ya madini pale Kolwezi. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Yeye, kijana mwenye mke na watoto, ndiye aliyeijua kompyuta. Wa tatu alikuwa mkubwa wetu, tuliyemwita Shefu, ambaye kazi yake ilikuwa kutia sahihi na kulalamikia chai. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, na ilikaa juu ya meza yangu, nimeifunika kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu.

Miaka ile kazi ilikuwa inakufa. Vipuri havikuja, mitambo ilikuwa inanyamaza mmoja baada ya mwingine, na sisi tulibaki na barua chache za kupiga chapa na saa nyingi za kupiga soga. Alasiri moja nilikuwa nimemaliza barua, nimeegemea kiti, nikasikia: ko, ko, ko.

Kwetu mtu akifika mlangoni, hata kama mlango uko wazi, husema kwa mdomo "ko ko ko", na aliye ndani humwitikia kabla hajajua ni nani. Kumwacha mtu abishe bila kumjibu ni vibaya zaidi kuliko kumtukana. Nikaitika, "Karibu!" Hakuna aliyeingia. "Ingia basi!" Kimya. Nikainuka kwa hasira, nikafungua mlango, nikakuta korido tupu inanitazama.

"Mugeni alishaenda, yaya," mwenzangu alisema bila kuinua kichwa. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, hasa anapotaka kuniudhi. "Wewe unakawiaka sana."

Nilipoona mabega yake yanatikisika ndipo nilipojua. Alikuwa ameficha ndani ya kompyuta programu ndogo ya kutoa sauti. Haikuonekana popote kwenye skrini. Nikichapa, ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Nikitoa mikono nipumzike, baada ya muda kidogo inabisha. Kwa maneno mengine, huyu bwana alikuwa ameweka msimamizi wa kazi ndani ya mashine yangu.

Nilimtukana, nilimbembeleza, nikamletea hata karanga za kukaanga. Karanga alizila zote. Kuhusu dawa ya ile sauti alisema tu, "Wewe haujue kupokea bageni, yaya. Siku utajua, itanyamaza."

Shefu ndiye aliyetufurahisha zaidi. Alikuwa na usingizi wa baada ya chakula, na kila ilipobisha alishtuka, akaweka tai sawa, akaitika "ingia" kwa Kifaransa, kwa sauti ya kikubwa: "Entrez!" Kisha alitazama mlango kwa heshima, akingoja. Tulikuwa tukiinamisha nyuso zetu ndani ya madroo ili tucheke.

Halafu ikaja ile habari ya kufukuza watu. Wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao babu zao ndio walioletwa kuchimba mgodi. Mwenzangu alikuwa wa Kasai. Alizaliwa Kolwezi, alibatizwa Kolwezi, na Kasai alikuwa hajawahi kuiona. Shefu alihudhuria mikutano ya waliotaka wafukuzwe, akapiga makofi, akarudi ofisini akamwomba mwenzangu amwashie feni. Wiki iliyofuata meza ya pili ilikuwa tupu. Nyumba yao ilikuwa imechukuliwa, nao walikuwa stesheni pamoja na maelfu ya wengine, wanangoja treni.

Mashine haikujua lolote. Iliendelea kubisha. Lakini siku zile kubisha kulikuwa na maana nyingine, kwa sababu vijana wenye marungu walikuwa wanazunguka mlango kwa mlango. Kila iliposema ko, ko, ko, sisi wawili tulikauka. Ofisini sikucheka tena hata kidogo.

Shefu alianza kuitafutia tiba. Alichomoa printa, akachungulia chini ya meza kutafuta panya, akaizima na kuiwasha, akaipiga kibao cha ubavuni. Akamwita fundi wa umeme, naye akaifungua na kupuliza vumbi. Fundi alipokuwa anabonyeza vitufe, mashine ilikaa kimya. Alipojifuta mikono aseme imepona, ikabisha.

"Ni ule mutu wa Kasai," Shefu alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Alituachia sabotage, aharibu kazi. Kama kesho ingali inalia, mi nabaambia bale bijana kule stesheni bamuulize bo benyewe."

Nilijua vijana wale wanaulizaje. Nikaaga kwamba naumwa, na kwa kweli nilikuwa naumwa na hofu, nikaenda stesheni.

Walikuwa wamekaa kando ya reli chini ya turubai, na cherehani, na magodoro, na mlango wa nyumba yao, ambao walikuwa wameung'oa wakaja nao. Mkewe alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu. Nilipowaeleza habari ya fundi na vumbi, mke alicheka kwanza, kisha mume, kisha na mimi, pale pale kati ya watu waliofukuzwa. Halafu nikawaambia alichosema Shefu, tukaacha kucheka.

"Ninyi bote munaitikaka na kinywa," mwenzangu alisema. "Mashine iko na masikio? Andika karibu, ufinye Entrée, kile kitufe kikubwa. Njo vile tu."

"Vile tu?"

"Vile tu. Itanyamaza siku muzima. Ukiizimisha, inasahau. Kesho utaikaribisha tena." Akanitazama. "Ao nikuambie jina ya faili, uifute kabisa?"

Nilimwambia anyamaze na faili lake. Nilisema kwa ukali, kwa kuwa machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayaone. Mkewe alinipakulia bukari na dagaa. Nilikula kidogo, kwa kuwa kukataa kungekuwa vibaya zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilimwita Shefu asimame nyuma yangu. Tulingoja. Ko, ko, ko. Nikaandika karibu, nikabonyeza. Kwenye skrini nyeusi yakatokea maneno mawili: Aksanti sana. Kisha kimya.

Shefu alisoma yale maneno mara mbili. "Haina namna ya kuitosha humu ndani?"

"Haina, Tata," nilisema, nikimwita baba kwa heshima.

Hakwenda stesheni, wala hakumtuma mtu. Siku kadhaa baadaye tulisikia treni ikipiga honi, ndefu, na Shefu akamwaga chai yake yote kwenye kisahani. Sikupata tena habari za mwenzangu, kama alifika, kama watoto walifika. Bado linaniuma.

Tangu hapo kila asubuhi niliwasha mashine, nikangoja ibishe, nikaikaribisha. Siku moja mvua kubwa ilininyeshea njiani nikachelewa. Nilipofika korido nilisikia inabisha ofisini. Mlango ulikuwa nusu wazi. Shefu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Alichukua muda mrefu kati ya herufi na herufi hata mashine ikakosa subira ikabisha tena, naye akaiambia, "Ngoja, mwanangu, ngoja, mi naandika." Alipomaliza, yale maneno mawili yakatokea. Akavua miwani, akafuta macho.

Nilimkasirikia kwa makofi yake ya mkutanoni, na nilimhurumia, yote kwa pamoja. Sikujua niingieje. Nikasimama kizingitini, nikasema kwa mdomo wangu, kama mtu yeyote wa kwetu: "Ko ko ko."

Hakugeuka. Alivaa miwani yake upesi, akainama juu ya vitufe, akaanza tena kutafuta K ya karibu.

Sikumkatiza. Nilisimama pale mlangoni na nguo zangu zilizolowa, nikangoja amalize.