Sauti ya Shefu katika Sehemu ya Tatu

Daktari alimkataza jirani yangu kusema neno lolote kwa mwezi mzima. Akikaidi, alimwambia, huenda sauti isirudi tena. Lakini jirani yangu ana ukumbi wa video kule Kamenge, na kazi yake ni kukaa na mikro mdomoni kando ya televisheni, akizieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili chetu. Jumapili ile, baada ya misa, watu walikuwa wanakuja kuona sehemu ya tatu ya wale wezi wa benki wenye suti. Akaniandikia kwenye karatasi: "Wewe umesoma. Nisaidie."

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa darasa, yaani vibaya na kwa kurasa nyingi. Dakika ya kwanza tu nikamtaja mwigizaji mkuu kwa jina alilopewa ndani ya filamu.

"Huyo ni nani?" akauliza mama mmoja wa mbele. "Mi namujua Shefu."

Nilikuwa nimesahau. Jirani yangu humwita mwigizaji yule Shefu, yaani bosi, katika kila filamu, awe mwizi, padri au daktari. Watu hawakuja kuona benki ikiibiwa, wameshaona mbili. Walikuja kumwona Shefu, mvi zimeanza kumtoka kama mimi, akiwakusanya wenzake upya. Kila mmoja aliyetokea alipigiwa makofi kama shemeji aliyerudi kutoka Ulaya.

Basi nikasema Shefu. Ukumbi ukatulia. Jirani yangu alikaa pembeni, kitambaa shingoni, midomo yake ikifuata yangu.

Kisha polisi wakamfunga Shefu pingu. Nami, kwa uaminifu wa mtu aliyewahi kutetea tasnifu, nikaeleza: "Msiogope, anajifanya. Hao polisi ni watu wake."

"Apana, prof," akasema mwanamume wa nyuma, polepole. "Unatuulia filamu."

"Lakini mnajua hawezi kufungwa. Picha yake ndiyo iko mlangoni."

"Tunajua. We ulikuwa na haraka gani ya kutuambia?"

Benchi la nyuma likaanza kusimama. Jirani yangu akasimama pia. Nilitikisa kichwa, nikaikumbatia mikro. Akanibandua vidole kimoja kimoja, bila hasira.

"Shefu amekwisha," akanong'ona. "Wamemuuza."

Uongo mtupu, kwa sauti iliyokwaruza kama kiatu juu ya changarawe. Watu wakakaa. Mama wa mbele akashika kichwa.

Zilibaki dakika arobaini. Sikumtazama Shefu tena. Nilitazama koo la jirani yangu likipanda na kushuka. Kila sentensi ilitoka nyembamba kuliko iliyotangulia, na kadiri ilivyokuwa nyembamba ndivyo ukumbi ulivyozidi kunyamaza ili kuisikia. Mara mbili nilinyoosha mkono kuomba mikro. Mara mbili alinipa mgongo.

Filamu ilipokwisha, yule mama alimjia na kumpa mkono. "Sauti ya leo inatia woga. Ubaki nayo mu sehemu ya ine."

Akafungua mdomo kumshukuru. Midomo ikatembea, hakikusikika kitu. Mama akacheka, akidhani bado anatuchezea filamu.