Gunia Lililokwenda Harusini

Mtaani kwetu yupo mwanamke anayelipwa ili asijue kitu. Tunamwita Mama Nyuzi, kwa sababu karatasi huingia kwenye mashine yake ikiwa ukurasa na kutoka ikiwa nyuzi. Ana gari dogo la mizigo lililofunikwa pande zote, na ndani yake imefungwa mashine ya kukata karatasi ambayo mwenyewe huiita Mlafi. Mawakili, shule, zahanati, yeyote mwenye karatasi za siri asizozihitaji tena, humwita. Huegesha gari uani kwao, humwekea mwenye mali kiti mbele ya mlango wa nyuma ili ashuhudie kwa macho yake, kisha humlisha Mlafi mpaka rundo liishe.

Kabla ya kuwasha mashine huvua miwani na kuitundika kwenye msumari wa mlangoni. Bila miwani, Mama Nyuzi hatofautishi herufi na sisimizi. Kazi yote huifanya kwa vidole: hupapasa pini za chuma na kuzing'oa, hupanga kingo, hugeuza maandishi yatazame chini. Nimewahi kumsikia mteja akimwambia hana haja ya kujisumbua, yeye anamwamini hata akiwa na miwani. Mama Nyuzi akamjibu, "Wewe unaniamini mimi. Mimi siyaamini macho yangu."

Mumewe ni kinyozi. Kinyozi huyu hawezi kunyoa kidevu bila kwanza kujua habari za nyumba nzima ya mwenye kidevu, na kila jioni, miaka nenda miaka rudi, mazungumzo yao ya mezani ni yale yale.

"Leo umekata nini, mke wangu?"

"Karatasi."

"Za nani?"

"Za mwenyewe."

"Zilisemaje?"

"Zilisema krrrrr. Kula, chakula kinapoa."

Watu wazima wenye akili zao wamejaribu kumchimba kwa maneno sokoni, msibani, hata kwenye foleni ya maji, wakaondoka mikono mitupu. Wengi wetu siri ya mtu tunaiona kama kitafunwa: ikikaa mezani bila kuguswa, mikono inawasha. Nasema hivi nikijua wasomaji wangu watanuna. Wanune.

Basi binti yao akapata mchumba, na harusi ikapangwa siku ya Jumamosi. Ijumaa iliyotangulia Mama Nyuzi alikuwa kazini kama kawaida, uani kwa zahanati moja iliyotaka kuharibu kadi za zamani za wagonjwa. Daktari mkuu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikaa kwenye kiti akashuhudia. Kadi zilikuwa ngumu, za rangi ya waridi na bluu, na pana kupita kiasi. Mdomo wa Mlafi haukuzipokea kwa urefu, ikabidi ziingie kwa ubavu. Kila mwenye kazi hii anajua maana yake. Karatasi ikiingia wima, meno hukata maneno katikati na hakuna anayeambulia kitu. Ikiingia kwa ubavu, meno hufuata mistari, na kila uzi hutoka na sentensi yake nzima.

Mama Nyuzi alimweleza daktari palepale. "Hizi zinasomeka, daktari. Kiwanda cha karatasi kitazipokea Jumatatu na kuzichemsha ziwe uji. Mpaka hapo ziko mikononi mwangu, na hakuna atakayesoma hata neno."

"Neno lako linanitosha, mama," daktari akasema.

Akazijaza kwenye gunia, akalipima uzito kwenye mizani, akalifunga kwa lakiri nyekundu ya plastiki na kuliweka stoo nyumbani kwake, nyuma ya matairi. Kisha akavaa miwani akaenda kujaribu gauni lake la mama wa bi harusi.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yake, mdogo wa kinyozi, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukaa bila kuwa mwenyekiti wa kamati fulani. Jina lake la mtaani ni Kamati. Safari hii alikuwa mwenyekiti wa mapambo. Jumamosi asubuhi aligundua kwamba amesahau vile vipande vya karatasi za rangi vya kuwarushia maharusi wanapoingia ukumbini, na maduka aliyoyajua yalikuwa hayajafunguliwa. Akaja kwa kaka yake kuazima ngazi. Ngazi iko stoo. Nyuma ya matairi akaona gunia, na kwenye kitundu cha gunia uzi wa waridi umechungulia.

Kwa haki yake niseme kwamba aliuliza. Alimuuliza kaka yake, aliyekuwa ananyoa ndevu zake mwenyewe mbele ya kioo.

"Kaka, lile gunia la shemeji ni la nini?"

"Taka za kazini. Zimeshakatwa hizo."

"Kwa hiyo hazina kazi?"

"Takataka ina kazi gani, mwenyekiti?"

Kamati akaikata lakiri kwa kisu cha jikoni, akagawa nyuzi kwenye vikapu, na ninasadiki alijiona fundi.

Ukumbi ulijaa. Maharusi walipotokea mlangoni vikapu vikamwagwa, na lazima nikiri kwamba ilipendeza: waridi na bluu zikielea hewani, zikitua kwenye shela, kwenye mabega ya suti, kwenye vikombe. Mama wa bwana harusi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hadi leo watu wazima humwamkia wakiwa wamenyoosha mikono ubavuni, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu posa.

Kisha mjomba mmoja akabandua uzi kwenye kipara cha jirani yake, akausogeza karibu na taa.

"Jamani! 'Mgonjwa anakoroma sana, mkewe amehamia sebuleni.'"

Meza ikaangua kicheko. Meza ya pili haikukubali kupitwa.

"Sikieni huu: 'Ameshauriwa apunguze sukari. Amekataa na kuondoka.'"

"Wangu, wangu! 'Anasema alianguka kutoka juu ya kabati. Alikokuwa akienda hakusema.'"

Watu wakainama chini ya meza kutafuta mingine. Kamati, akidhani sifa zote ni zake, alikuwa ameshashika kipaza sauti. "Sasa wageni waalikwa, tubahatishe! Huyu wa kabati ni nani? Mimi namshuku mtu wa meza ya tatu!" Kwenye meza ya tatu mzee mmoja akaweka kijiko chini na kuanza kulifunga koti lake vifungo, kimoja kimoja, kama anayetaka kuondoka asijue pa kupitia.

Mama Nyuzi alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi akisimamia sahani. Alitoka aliposikia kicheko kile, akaona rangi zile sakafuni, akasimama. Hakuhitaji kusoma. Akavua miwani, akaitumbukiza kifuani, akapita katikati ya ukumbi na gauni lake la kumetameta, akamnyang'anya shemeji yake kipaza sauti.

"Muziki uzimwe. Milango ifungwe. Mtu asisome tena."

"Shemeji, ni taka tu," Kamati akanong'ona.

"Taka ni wewe. Lete gunia langu."

Akapiga magoti, gauni na yote, akaanza kuokota. Bi harusi akamwendea, shela lake limejaa kumbukumbu za zahanati kuanzia utosini hadi chini.

"Mama. Leo?"

"Leo, mwanangu. Kesho zitakuwa mitaani. Inama nikutoe hiyo ya sikioni."

Binti akamtazama mama yake aliye chini, machozi yakimlenga. Akainama.

Mama wa bwana harusi naye akasimama, na ukumbi ukatulia. "Mkwe," alisema kwa ile sauti ya gwaride la asubuhi, "umealika watu wa heshima. Unawafungia mlango, unataka wafagie?"

"Mkwe wangu, nisamehe. Nimemwapia mtu kwamba hazitasomwa. Hizi ni za watu. Ungependa ya kwako isomwe na shemeji yangu?"

Mwalimu mkuu alimwangalia Kamati kutoka viatuni hadi kichwani. Kisha akavua miwani yake, akaifunga kwenye mkoba.

"Meza ya kwanza, chini ya jukwaa!" akanguruma. "Meza ya pili, mlangoni! Wenye migongo mibovu waangalie nywele za wenzao! Wewe mjomba, nini hicho mfukoni? Toa!"

Mjomba akatoa. Watu wenye suti walitambaa chini ya viti, kinyozi akakagua vichwa kwa kitana, kazi aliyoizoea, na bwana harusi akatikiswa viatu. Kamati alipewa kazi ya kuchungulia ndani ya kila kikombe. Yule mzee wa meza ya tatu aliokota kuliko wote. Mwishoni alifungua kifungo cha koti, akaomba chakula. Milango ilipofunguliwa, sherehe ikaendelea, na nimehudhuria harusi nyingi ambazo wageni hawakuwahi kujuana vizuri hivyo.

Jumatatu Mama Nyuzi hakwenda kiwandani kwanza. Alikwenda zahanati na gunia begani, akasimama mbele ya daktari, akamwambia kila kitu, pamoja na kabati. Mtu wa kazi ile akipoteza neno lake anabaki na gari na mashine ya makelele tu. Daktari akaliweka gunia kwenye mizani.

"Limezidi uzito wa Ijumaa," akasema. "Limezidije?"

Wakalifungua. Mlikuwa na pini za nywele, maua, kifungo cha shati, kope za bandia za upande mmoja na kijiko cha ukumbi.

Daktari akajaribu kubaki na uso wa kazi, akashindwa. Alipomaliza kucheka akasema, "Mama, mambo haya yangenifikia, yasingekosa. Kama ningeyasikia kwa mwingine kwanza, leo ningetafuta mtu mwingine wa kazi hii. Kuanzia sasa karatasi zangu zilowekwe hapahapa uani, mbele yangu, mpaka ziwe uji. Zikiwa uji hata mwenyekiti wa mapambo hatazitaka."

Ndiyo maana siku hizi gari la Mama Nyuzi lina pipa la maji na mwiko mrefu kama kasia. Amri ya daktari ameifanya kuwa ya wateja wote, na Kamati ndiye anayekoroga, kila Jumamosi, bila cheo.

Wiki chache baada ya harusi mama wa bwana harusi alifika uani kwa kinyozi na sanduku la zamani lenye kamba. Hakusema ndani kuna nini. Alikaa kwenye kiti, akapokea chai, akatazama sanduku likimalizika ndani ya Mlafi na uji ukikorogwa hadi ukawa mweupe. Kisha akamshika mkwe wake mkono kwa muda mrefu, akaondoka akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Kinyozi alikuwa akichungulia dirishani muda wote. Jioni hakuweza hata kusubiri sahani ifike.

"Mke wangu, nihurumie. Sanduku zima! Mwalimu mkuu! Umekata nini leo?"

"Karatasi," akasema Mama Nyuzi, na kumsogezea chumvi.