Kisu cha Kokoa cha Mkamwana

Nilipoanza kujifunza uhunzi pale Ipyana, nilijua kisu ni kisu: chuma, makali, mpini, basi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikaona hakuna kitu duniani kitakachonishinda. Siku fundi wangu aliponitandazia visu vyake juu ya gunia, nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa nyota mchana. Cha kupasulia mbasa, samaki wa ziwani, kilikuwa chembamba, kinapinda kama jani la mpunga halafu kinarudi. Cha kuchunia ng'ombe kilikuwa na tumbo, kisije kikatoboa ngozi. Nilivitazama hadi moto ukazima, fundi akanigombeza kwa Kinyakyusa na Kiswahili kwa zamu.

Agizo langu la kwanza likatoka kwa mkamwana wake, mke wa kijana wake mkubwa. Alitaka kisu cha kupasulia kokoa. Katika ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Akimsikia anakuja, mama wa watu anaingia migombani. Kwa hiyo mimi nikawa simu yao isiyohitaji vocha.

"Tengeneza wewe," fundi akasema. "Akikirudisha, utavuta mivukuto ya kupulizia moto mpaka Krismasi."

Nikakinoa. Jamani, nilikinoa! Nzi walikuwa wanakizungukia mbali. Kesho yake sauti ikatoka migombani.

"Shemeji! Hiki ni kisu au wembe wa kinyozi?"

"Kwani hakikati?"

"Kinakata mpaka mbegu! Mbegu iliyokatwa inaota ukungu, nani ataninunulia? Kamwambie baba."

Nikayafikisha, jicho moja likiwa kwenye mivukuto. Fundi hakucheka.

"Kaniletee maganda."

Nikaleta karai zima. Akayageuza moja moja kwenye mwanga, akipitisha dole gumba kwenye mikato.

"Anapiga mara moja tu, katikati. Ila ona, huku kisu kimezama, huku kimeparaza. Kinamwinamia. Mkono wake mdogo, mpini unamlemea."

Nywele zilinisimama. Mtu hajawahi hata kumtazama mkamwana wake usoni, lakini mkono wake kaujua kwenye maganda!

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Kisu ni chako. Kazi yake nini?"

Nikafikiri hadi masikio yakapata moto. Si kukata. Ni kupasua tu: ganda lifunguke, mbegu zisijue kama kuna chuma kilipita. Nikafupisha mpini, nikaacha mgongo mzito, kisha nikayaua makali kwa tupa. Roho iliniuma kama ninamzika ndugu.

Nilipompelekea, fundi alinifuata, akasimama upande wa pili wa migomba, ametupa mgongo, anajifanya anakagua mkungu. Shemeji akapiga, ta! Akazungusha kiganja. Tunda likafunguka, na mbegu zote zikawa zimelala kwenye ute wake mweupe, nzima, hata moja haina mkwaruzo. Ziwa Nyasa nimeliona kutoka juu milimani, asubuhi, halina wingu. Halikunikata pumzi namna ile.

"Mwambie ndaga fijo," akasema shemeji, akishukuru sana kwa sauti iliyofika Malawi.

Nikageuka nikamwambia fundi, ambaye alikuwa ameshasikia.

Fundi akaujibu ule mkungu wa ndizi: "Mwambie asije akakinoa."