Maji Kizingitini mwa Karakana

Mwalimu Velichka Karadzhova alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Alitufundisha fizikia katika sekondari ya Studenik, shule ndogo kiasi kwamba darasa letu zima la mwisho lilitosha kwenye meza nne, na kila alipopita kati yetu vidole vyake vilimtangulia. Ukichelewa kukaza skrubu, yeye ameshaikaza. Ukipinda waya vibaya, ameshaunyoosha kabla hujafungua mdomo.

"Anza kazi polepole," Ognyan alikuwa akininong'oneza, "mwalimu ataimaliza."

Kwa mwalimu haikuwa dharau, ilikuwa hofu. Baba yake alikuwa seremala, na karakana ile ya ghorofa ya chini, yenye harufu ya mbao na gundi, mwalimu alikuwa ameianzisha mwenyewe kwa patasi na jiliwa za marehemu huyo. Wenzake wa chuo walikuwa wamehamia nchi za watu. Yeye alirudi kwetu milimani. Sasa mkuu wa shule alikuwa amemwambia waziwazi: wanafunzi wamepungua, karakana itafungwa kiangazi kikifika, isipokuwa timu yake ikipata moja ya nafasi tatu za kwanza katika mashindano ya mkoa. Tangu siku hiyo chai yake ilikuwa ikipoa mezani bila kunywewa.

Kila shule ilitakiwa kupeleka daraja lililojengwa na wanafunzi kwa vijiti vya mbao, gundi na uzi tu. Daraja lingewekwa kati ya meza mbili, ndoo ikaning'inizwa katikati, mchanga ukamiminwa humo mpaka daraja livunjike. Mwalimu angeweza kuelekeza shuleni, lakini siku ya mashindano alikatazwa kutia mkono. Timu yetu ilikuwa ya watu watatu: Ognyan, Tsvetina na mimi. Tsvetina ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi, nasi tulimfuata.

Miaka yote mashindano yalifanyika Mei. Mwaka ule yalirudishwa nyuma hadi mwanzo wa Machi, wakati sote bado tumefunga mkononi, kwa desturi ya kwetu, uzi mwekundu na mweupe wa kupokea majira mapya, na asubuhi theluji bado inalia chini ya viatu. Hilo Shangazi Rusanka, mfagizi wa shule, hakulifikiria. Alifanya alivyofanya siku zote mtoto anapokwenda kwenye mtihani: alisimama na kopo lake la shaba mlangoni mwa karakana, akamwaga maji kizingitini.

"Mambo yenu yaende kama maji, wanangu."

Kama tungetoka palepale, tungekanyaga maji tu. Lakini mwalimu alikuwa amekumbuka kitu. Alirudi ndani, akafungua mkoba wa vifaa, akatoa kila kitu mezani, akakihesabu, akakirudisha. Akatoka, akarudi tena kuangalia kama dirisha limefungwa. Dereva wa basi akapiga honi.

"Mwalimu, nipe mimi sanduku la daraja," Tsvetina alisema.

"Wewe una haraka. Nitalibeba mwenyewe."

Akakanyaga kizingiti. Maji yalikuwa yameshakuwa barafu. Alianguka kwa kiwiko na goti huku amelikumbatia sanduku, na ndani yake tukasikia kitu kikilia, kik, kama mfupa wa kuku.

Shangazi Rusanka alishika kichwa. "Mungu wangu, mimi ndiye niliyemwaga."

"Si wewe, shangazi," mwalimu alisema akiwa bado chini. "Ni mimi niliyechelewa."

Ndani ya basi tulifungua sanduku mapajani. Kiungo kimoja karibu na katikati kilikuwa kimepasuka. Gundi tulikuwa nayo, ila gundi peke yake isingekauka vya kutosha kabla ya kufika. Ilibidi kiungo kifungwe kwa uzi. Tsvetina alipekua mkoba, akaupekua tena.

"Kibunda cha uzi kiko wapi?"

Mwalimu alifumba macho. Kilikuwa kimebaki mezani, pale alipokuwa akihesabu.

Hakuna aliyemlaumu. Tsvetina alitazama mkono wake, kisha wetu. "Tunao uzi."

"Hapana," mwalimu akasema upesi. "Haufunguliwi mpaka uone ndege korongo, au mti uliochanua. Leo kuliko siku zote tusijitafutie mkosi."

"Mwalimu," Ognyan alisema, akiwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha, "naona korongo."

"Wapi?"

"Pale kwenye waya."

Ulikuwa mfuko mweupe wa plastiki ulionasa kwenye waya wa umeme. Tsvetina aliutazama kwa makini. "Kweli. Tena mnene."

"Na mimi nimemwona," nikasema.

Mwalimu aliutazama ule mfuko mpaka basi lilipokata kona. Kisha akanyoosha mkono afunguliwe uzi wake. Njia nzima iliyobaki aliikalia mikono yake, kila mmoja chini ya paja, huku Tsvetina akizungusha uzi uliolowa gundi, sisi tukishika. Mara mbili niliona bega lake likitaka kuinuka. Likarudi.

Ukumbini daraja letu lilikuwa la mwisho. Waliotutangulia walikuwa wamebeba vizuri. Wa tatu kwenye ubao alikuwa amejaza ndoo hadi shingoni. Mchanga ukaanza kumiminwa kwenye ndoo yetu. Daraja likalia. Mwalimu hakutazama ndoo. Alitazama tu kile kiungo chenye nyekundu na nyeupe, midomo yake ikitembea. Mchanga ukafika shingoni, ukaongezwa konzi moja, na nyingine, ndipo mbao zikafyatuka.

Tulikuwa wa tatu.

Ognyan alimkumbatia mwamuzi kwa makosa. Tsvetina alikuwa ameshainama kuokota vipande. Kiungo cha uzi kilikuwa kizima. Kilichokatika ni kile cha ukingoni, nacho kilikuwa na utando mzito wa gundi nyeupe ya dukani.

"Hii siyo gundi yetu," alisema taratibu.

"Ni yangu," mwalimu alijibu. "Juzi, mlipokwenda kula. Nilikiona kama kimelegea."

"Hakikuwa kimelegea, Mwalimu."

"Najua sasa."

Nimemaliza chuo mwaka huu, nami nitafundisha. Nilipokwenda kumuaga karibuni, mvulana mmoja karakanani alikuwa akikaza skrubu upande usio wake. Mwalimu Velichka alisimama nyuma yake, mikono ameitumbukiza kwenye mifuko ya aproni, mifuko yenyewe imevutika mpaka magotini. Alikuwa akitoka jasho. Mvulana akasita, akaigeuza skrubu mwenyewe.

Juu ya mlango linaning'inia daraja lililovunjika. Nyuzi zetu, ambazo kwa desturi tungezifunga kwenye mti uliochanua, bado zimeng'ang'ania pale.