Familia Niliyoiacha Nje ya Orodha

Parokia yetu ya mjini Bukavu ilipoamua kusaidia familia maskini za upande wa Bunyakiri, mimi ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuandika watakaopewa jembe na mbegu za maharagwe kabla ya mvua. Nilijivuna, sifichi. Nilikuwa nimekaa ofisini miaka mingi, na niliamini jicho langu halidanganyiki.

Katekista wa kijiji alitutangulia, mimi na wenzangu wa parokia. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa wageni wa nusu saa, na jembe tungelileta wenyewe.

Nyumba ya sita ilikuwa ya mjane mwenye watoto wanne. Ua umefagiwa, viti vina vitambaa, watoto wameoga na kupakwa mafuta, na msichana mkubwa amevaa gauni la njano lenye kola nyeupe, ambalo hata binti yangu angelililia. Tulikunywa chai yenye sukari nyingi. Tulipotoka nikamwambia katekista kwamba mbegu za hawa tuwaachie wengine. Akakohoa, akaangalia mlimani. Nani angembishia maman wa mjini?

Tuliporudi na magunia wiki tatu baadaye, nikaliona gauni lile kwenye nyumba nyingine, limevaliwa na mtoto mwingine. Nilimuuliza mama yake. Akanijibu, bila kuona ajabu yoyote, kwamba ni la binti yake. Jirani aliliazima siku ya wageni wa Kanisa, pamoja na viti na sukari. Nyumba njema si mlango, tunafundishwa tangu utoto, na mimi niliishia mlangoni.

Mbegu zilikuwa zimepimwa kwa walioandikwa tu. Hakikubaki hata kikombe kimoja. Nikaenda kwa yule mjane peke yangu, mikono mitupu. Nilimkuta shambani, analima kwa jembe lililolika hadi likawa dogo kama kijiko. Nikamwomba msamaha. Kisha nikamuuliza, kwa ukali kidogo, maana aibu yangu hupenda kujificha ndani ya hasira, kwa nini hakutuonyesha hali yake ilivyo.

"Maman, mugeni akikuya kwako, unamupokeya na shida?"

Kwangu mimi, padri akitangaza kuja, naficha hata ndoo ya maji.

Akataka kujua tuliandika nini juu yake kwenye karatasi ile. Nilitamani kudanganya. Nikaitoa mkobani, nikamsomea: wanajiweza. Akaniomba nirudie. Akamwita binti yake aje asikie naye, nikasoma mara ya tatu. Yule mama alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kama angenitukana. Nikatoa kalamu, nikamwambia nafuta sasa hivi, na msimu ujao nitamwandika wa kwanza.

Akanishika mkono.

"Usifute, maman. Ikae tu vile. Mbegu nitatafuta."

Kisha akainama, akaendelea kulima shamba ambalo hakuwa na cha kupanda ndani yake.